Hati ya mapambo kwenye kadi ya harusi: ichaguliweje, na iwekwe wapi

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma, na kazi yangu kubwa ni kadi za michango, kadi za mwaliko na vyeti. Mwezi uliopita nilitengeneza kadi 200 za harusi kwa fonti ya mwandiko wa kalamu, zile herufi zilizolala zenye mikia mirefu. Kwenye kompyuta zilipendeza mno. Zilipotoka kuchapwa, mteja alizirudisha: majina ya wazazi hayasomeki, mistari myembamba imekatikakatika, na jina la bwana harusi, Ng'wandu, limeachana katikati kama majina mawili. Je, fonti ndiyo mbaya, au nimeitumia vibaya? Na nikitaka nyingine, nichague ipi?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Picha za kadi ulizoambatanisha nimezikuza na kuzichunguza mstari kwa mstari, na la kwanza ninaloweza kukuambia ni kwamba fonti yako haina hatia kubwa. Imepewa kazi ambayo haikuumbwa kuifanya. Majina ya wazazi umeyaandika kwa herufi kubwa tupu. Mistari myembamba umeichapa kwa rangi ya dhahabu juu ya zambarau, tena kwenye karatasi yenye mikwaruzo. Na ile ritifaa, yaani alama ya ' katika jina la Ng'wandu, imetoka kwenye fonti nyingine kabisa bila wewe kujua. Kila kosa lina asili yake na dawa yake, nami nitayafikia yote, lakini sina budi kuanza na habari za kalamu, kwa sababu mtu asiyejua herufi hizi zilizaliwa kwenye kalamu gani huchagua fonti kama anayechagua kitenge gizani.

Kiswahili kina neno zuri la jambo hili, nalo ni hati. Siku hizi tukisikia hati tunafikiria hati ya kiwanja au hati ya kusafiria, lakini wazee husema pia kwamba fulani ana hati nzuri, wakikusudia mwandiko wake, na neno lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu pamoja na sanaa ya kuandika. Kwa hiyo fonti hizi nitaziita hati za mapambo: ni mwandiko wa mkono uliogandishwa ukawa faili. Mkono ulioziandika ulishika mojawapo ya vyombo vitatu, na karibu kila tabia ya fonti, nzuri na mbaya, inatokana na chombo hicho.

Chombo cha kwanza ni kalamu yenye ncha bapa. Waliosoma madrasa za Ujiji au za hapa Tabora wanaifahamu: tete linachongwa, ncha inakatwa mshazari, na unene wa mstari unategemea kalamu imeelekezwa wapi, wala mkono hauhitaji kukandamiza. Ulaya nako walikuwa na kalamu ya ncha bapa, ingawa wao walichonga manyoya ya bata bukini, na huko Roma mwandishi mmoja aitwaye Ludovico degli Arrighi alitoa kijitabu chenye tarehe ya mwaka 1522 cha kufundisha hati iliyokuwa ikitumiwa katika ofisi za Papa. Hati hiyo imelala kidogo tu, herufi zake hazishikani zote, na mistari yake myembamba haiwi myembamba kupita kiasi. Ukoo huo ndio uliozaa Zapf Chancery ya mwaka 1979, Monotype Corsiva ambayo huenda unayo tayari kwenye kompyuta yako, na Tangerine inayopatikana bure.

Chombo cha pili ni kalamu ya ncha iliyochongoka na yenye kutanuka. Ukiikandamiza unaposhuka, ncha inaachana na wino unajaa. Ukiilegeza unapopanda, inabaki alama nyembamba kama uzi. Hii ndiyo hati ya makarani na walimu wa mwandiko wa Uingereza wa karne ya 17 na ya 18, watu kama Charles Snell, na mkusanyo wake maarufu kuliko yote ulichongwa London na George Bickham, akautoa kwa sehemu kati ya mwaka 1733 na 1741, ukafika kurasa zaidi ya 200. Nakuomba ulishike neno hilo, ulichongwa. Kurasa zile hazikupangwa kwa herufi za madini ya risasi. Zilichongwa kwenye bamba za shaba, wino ukajazwa ndani ya mifereji iliyochongwa, kisha karatasi iliyoloweshwa ikakandamizwa juu yake kwa nguvu kubwa hadi ikaunyonya wino ulioko mferejini. Ule uzi mwembamba unaoupenda kwenye fonti yako ulizaliwa kwenye shaba, na shaba inauweza. Printa ya steshenari inaujaribu tu.

Fonti za ukoo huu wa pili ndizo watu wanazozifikiria wanapotaja herufi za harusi. Snell Roundhand ilichorwa na Matthew Carter katikati ya miaka ya 1960, wakati upangaji wa herufi kwa njia ya picha ulipoanza kushika kasi. Kabla ya hapo kila herufi ilikaa juu ya kijitofali chake cha madini, na kuzifanya herufi zilale sana huku zikishikana mikono kulikuwa taabu kubwa. Edwardian Script ya Edward Benguiat ilifuata mwaka 1994, na Bickham Script ya Richard Lipton ikatoka mwaka 1997 ikiwa imechukua jina na mwili wake kutoka kwa yule mchongaji wa London. Za bure zinazojulikana ni Pinyon Script na Great Vibes. Fonti yako ni ya ukoo huu.

Chombo cha tatu ni burashi, na kwa hicho huhitaji kwenda Ulaya. Shuka Kibirizi asubuhi mitumbwi inapopakia, uangalie majina yaliyopakwa ubavuni kwa mkono: herufi nene, zenye mteremko, hazina uzi wowote, na unazisoma ukiwa mbali na maji. Fonti za burashi kama Brush Script ya mwaka 1942 au Mistral ya mwaka 1953 zina roho hiyo hiyo. Hazina adabu ya kadi ya harusi, nakubali, lakini kwenye bango la ukumbini au kwenye fulana za kamati zinaishinda kwa mbali ile hati ya kalamu nyembamba, na nimewaona wengi wakilazimisha hati ya karani wa London kwenye bango la mita tatu, kisha wakashangaa kwamba wageni wanauliza harusi ni ya nani.

Sasa turudi kwenye majina ya wazazi.

Herufi kubwa katika hati ya kalamu imeumbwa isimame peke yake mwanzoni mwa neno, ikifuatwa na herufi ndogo zilizotulia. Mkia wake unazunguka kushoto, unapanda juu, mara nyingine unapita chini ya herufi mbili zinazofuata, kwa sababu mwandishi alijua pale pana nafasi. Ukiandika jina zima kwa herufi kubwa, kila herufi inatupa mkia wake kwenye nafasi ya jirani, na kinachotokea ni kama watu kumi walioingia daladala moja kila mmoja na mwavuli wake umefunguliwa. Ndiyo maana hati hizi haziandikwi kwa herufi kubwa tupu, na sijaona hali hata moja inayoruhusu kufanya hivyo. Najua kwetu ni desturi majina ya wazazi, na yale maneno ya FAMILIA YA BW. NA BI., yatiwe herufi kubwa kwa heshima. Endelea na desturi hiyo, ila majina hayo uyaandike kwa fonti nyingine ya kawaida, iliyosimama, ukiziachia herufi nafasi kidogo kati yake. Heshima itabaki na majina yatasomeka.

Itazame kanga. Ina pindo, ina mji, na ina jina. Mji ndio uliobeba ua kubwa au korosho au chochote alichobuni mchoraji, na hapo amecheza atakavyo. Lakini jina, yale maneno yaliyoko chini, huandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, kwa sababu lazima lisomwe mwanamke anapopita. Aliyepanga kanga alitenganisha kazi hizi mbili zamani sana. Kwenye kadi yako, majina ya bibi na bwana harusi ndiyo mji, yapambe. Tarehe, ukumbi, saa, majina ya wazazi, orodha ya kamati na namba za simu za kutumia michango ni jina la kanga. Kwenye kadi ya mchango, hasa, namba ya simu iliyoandikwa kwa hati ya mapambo ni hasara ya fedha taslimu: 1 inafanana na 7, 0 inafanana na 6, na mchango wa mtu unaenda kwa asiyehusika.

Hata hivyo majina ya maharusi yenyewe nayo yanaweza kupotea, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo fonti nyingi nzuri zinapomwangusha Mswahili. Waliozichora walizijaribu kwa maneno ya lugha zao, maneno yaliyojaa f, l, t, d na h, herufi ndefu zinazopanda juu na kupeperusha mikia. Faili nyingi zina viunganishi vilivyopangwa, yaani herufi zilizoshikanishwa ziwe umbo moja, vya ff na ffi, ambavyo sisi karibu hatuvihitaji. Sisi tuna m, w, n, u na i zinazofuatana, na katika hati ya kalamu herufi hizo tano zote ni vijiti vilevile vilivyoinama na kuunganishwa kwa uzi. Andika Mwanamvua au Munira kwa pointi 18 katika fonti kama hiyo, kisha ujaribu kuhesabu vijiti: utaona uzio wa shamba. Zaidi ya hayo maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo uzuri wa mwisho wa jina hautategemea d wala l iliyotupa mkono juu, utategemea namna fonti inavyoifunga a, i, o, u na e. Fonti ambayo a yake ya mwisho ina mkia mfupi uliopinda kwa utulivu inafaa Kiswahili kuliko yenye h ya ajabu.

Usizijaribu fonti kwa maneno ya mfano yaliyowekwa na aliyezitengeneza. Tengeneza ukurasa wako wa majaribio, na uanze na mahali tulipo. Andika Ujiji. Ndani ya neno hilo fupi mna nukta nne juu na vitanzi viwili chini. Katika fonti iliyotengenezwa vizuri zinakaa kama shanga, katika mbaya nukta zinagusana na vitanzi vinaugonga mstari wa chini yake. Andika Kigoma, uone kama K inaonekana K au H. Andika Tabora, kwa sababu T kubwa ya hati ya karani mara nyingi hufanana na F, au hata na J, na sitaki kuwaalika watu Fabora. Kisha ongeza Ismail, Jumanne, Salma, Lucia na Grace, kwani I na J huchanganywa, na S, L na G katika hati hizo ni ndugu wa tumbo moja. Malizia na Nyamizi na Ng'wandu. Fonti ikivuka ukurasa huo, ihifadhi.

Na huyo Ng'wandu ndiye aliyekuumiza. Nilipoikuza picha niliona alama iliyo katikati ya jina ni nene, fupi na imesimama wima, wakati herufi zake zote ni nyembamba na zimelala. Maana yake jina ulilinakili kutoka kwenye ujumbe wa simu, na aliyekuandikia hakutumia ritifaa ya kawaida bali alama nyingine inayofanana nayo, ambayo fonti yako haina. Programu ikikosa alama ndani ya fonti haikuambii. Inaazima kutoka fonti nyingine na kuendelea. Kwa hiyo jina lolote lenye ng' lifute alama yake na uliandike upya kwa kibodi yako, kisha uangalie kama ritifaa imepinda kama tarakimu 9 ndogo iliyojaa.

Lakini hata ritifaa sahihi huivunja hati inayoshikana, kwa kuwa g inatupa uzi wake kulia ikitegemea kuipokea herufi inayofuata, na badala yake inakuta nafasi tupu chini ya ritifaa. Mtu anayeandika kwa mkono hana shida hiyo: anaunganisha g na w bila kuinua kalamu, halafu anarudi kuidondosha ritifaa juu ya kiungo. Fanya kama yeye. Andika Ngwandu bila alama, uache herufi zishikane zenyewe, kisha ritifaa uiandike kama kipande kingine cha maandishi na uisogeze mpaka ikae juu, kati ya g na w. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na ndugu wa upande wa Kisukuma na Kinyamwezi wataona kwamba jina lao limeheshimiwa.

Kwa sababu hiyo hiyo ya viungo, usiongeze kamwe nafasi kati ya herufi za hati inayoshikana, wala usiamuru mstari unyooshwe kutoka ukingo hadi ukingo, maana programu itazivuta herufi na kila uzi utakatika. Usibonyeze kitufe cha kunenepesha. Fonti nyingi za namna hii zina unene mmoja tu, na unene wa kompyuta ni kupaka herufi mafuta pande zote hadi tofauti ya mnene na mwembamba, ambayo ndiyo uzuri wenyewe, ipotee. Kuilaza zaidi pia hapana, kwa kuwa imeshalala.

Kuhusu ukubwa, usiiamini namba ya pointi. Katika hati hizi herufi ndogo kama a na o mara nyingi hazifiki hata nusu ya urefu wa herufi kubwa, kwa sababu nafasi kubwa ya faili imeachiwa mikia ya juu na ya chini. Zapfino ya Hermann Zapf, inayokuja na kompyuta za Apple, ni mfano uliokithiri: ilitoka mwaka 1998, lakini mzizi wake ni kijitabu cha mwandiko alichokijaza mwaka 1944 akiwa askari kijana, na mikia yake inapaa na kushuka kiasi kwamba mistari miwili ikiwekwa kwa nafasi ya kawaida inapigana. Ninaihusudu fonti hiyo na karibu siitumii. Kipimo changu ni rula: chapa, kisha pima urefu wa herufi a. Fonti ya kawaida ya kitabu kwa pointi 12 huwa na a yenye urefu wa karibu milimita 2. Hati ya mapambo isishuke chini ya hapo hata kwa jina la mtu mmoja, na kwa majina ya maharusi iwe mara mbili au zaidi. Mara nyingi utajikuta kwenye pointi 36 au 48, na hapo ndipo ilipotakiwa kuwa.

Mistari iliyokatika ni habari ya wino. Wachapaji wengi huhesabu robo ya pointi, ambayo ni karibu sehemu ya kumi ya milimita, kuwa mstari mwembamba kabisa unaoweza kuchapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, na wanataka mara mbili ya hapo pale maandishi yanapokuwa meupe au ya rangi nyepesi ndani ya rangi nzito, kwa kuwa wino wa pembeni unatambaa na kuuziba uzi. Wewe umeweka dhahabu ndani ya zambarau. Isitoshe, dhahabu ya mashine ya kawaida haina dhahabu yoyote ndani yake. Ni nukta za njano zilizochanganywa na nukta nyingine, na uzi ulio mwembamba kuliko safu ya nukta hauwezi kuchorwa na nukta hizo bila kuwa na meno. Karatasi yenye mikwaruzo ikamalizia kazi, kwa kuwa wino unakaa vilimani na kuruka mabondeni. Ukitaka mandhari ya zambarau na dhahabu, chukua hati ya kalamu bapa, ambayo uzi wake ni mnene zaidi, na uiandike kubwa. Au ubakize hati yako hii uichape kwa rangi moja nzito, zambarau yenyewe au kahawia iliyoiva, juu ya karatasi laini yenye rangi ya maziwa. Mimi ningechukua ya pili. Na mteja aking'ang'ania dhahabu ya kung'aa inayobandikwa kwa moto, muulize mbandikaji wake sampuli ya mstari mwembamba anaouweza kabla hujapanga chochote.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini kwa kuwa una steshenari litakufikia. Siku moja utaombwa ukate stika ya majina kwa ajili ya gari la maharusi. Katika hati inayoshikana, herufi hazijaungana kweli. Zimelaliana, mkia wa moja ukiwa juu ya mwanzo wa nyingine. Machoni ni mstari mmoja, lakini kisu cha mashine ya kukata stika kinafuata ukingo wa kila herufi peke yake, hivyo kinakata katikati ya kila kiungo. Nilipoanza kazi hii hapa Tabora niliharibu kipande kizima cha stika kwa kutojua hilo, na msafara ulikuwa unanisubiri nje. Kabla ya kukata, geuza maandishi kuwa michoro, kisha uzichomelee herufi zote ziwe umbo moja. Katika CorelDRAW, ambayo naona ndiyo unayotumia, kugeuza kuwa michoro ni Ctrl na Q, halafu unachagua amri ya kuunganisha maumbo.

Amri hiyo ya Ctrl na Q itumie pia unapopeleka kazi kwa mchapaji mwingine, iwe hapo mjini au ukiituma kwingine, kwa kuwa kompyuta yake ikikosa fonti yako itaweka nyingine, na majina ya maharusi yatatoka kwa herufi za barua ya ofisi. Hifadhi kwanza nakala ambayo haijageuzwa. Ukigundua baadaye kwamba tarehe imekosewa, michoro haikubali kusahihishwa kwa kibodi.

Fonti nyingi za siku hizi zimebeba herufi mbadala: a tatu, K nne, mikia ya mwisho ya neno. Katika Word, tangu toleo la mwaka 2010, zinapatikana ndani ya dirisha la fonti, kwenye mipangilio ya ziada, lakini hazijitokezi mpaka uziite. Kama una Windows jaribu Gabriola, iliyochorwa na John Hudson na kuanza kuja pamoja na Windows 7. Haishikani, kwa hiyo ng' haiisumbui, na ukipanda ngazi za mapambo yake utaona mikia inavyokua. Usipande hadi juu. Mkia mmoja mkubwa kwa jina zima unatosha, mwanzoni au mwishoni, na ukiuweka kwenye majina yote mawili uhakikishe haigombanii nafasi ileile.

Umeuliza nichague ipi. Kwa kadi ya karatasi ningeanza na Pinyon Script kwa majina ya maharusi, nikaioanisha na Libre Baskerville kwa maneno mengine yote. Uoanishaji huo una sababu: John Baskerville alikuwa mwalimu wa mwandiko kabla ya kuwa mchapaji, na herufi zake za mwaka 1757 zina mnene na mwembamba unaotokana na mkono wa zama zilezile, hivyo fonti hizo mbili zinaelewana kama watu wa mtaa mmoja. Tangerine ni nyepesi na ndogo sana, ikuze bila huruma, na iweke karibu na EB Garamond. Great Vibes ni nzuri, ila imeshachoka. Hesabu kadi zilizobandikwa ukutani mwako uone ni ngapi zimeitumia. Kwa kadi zinazosambazwa kwa WhatsApp, ambako jina la bibi harusi linatazamwa kwenye kioo cha simu kilichopasuka, juani, tumia Petit Formal Script, kwa kuwa ilichorwa isomeke hata ikiwa ndogo. Kwa vyeti, ambapo leo jina ni Ali na kesho ni jina la herufi kumi na tano, kaa kwenye ukoo wa kalamu bapa.

Fonti zote za bure nilizozitaja hapo zina leseni ya wazi ya shirika la SIL, inayoruhusu kuuza kazi uliyoitengeneza kwa fonti hiyo. Kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Nyingi za zile zinazopakuliwa ovyo huandikwa bure kwa matumizi binafsi, na kadi unayolipwa si matumizi binafsi. Lisome faili dogo la leseni linalokuja pamoja na fonti.

Kuhusu hizo kadi 200, usizichape zote upya kabla ya kuchapa moja. Ichape kwenye karatasi ileile utakayoitumia, uipeleke jioni kwa mtu mzima asiyewajua maharusi, nyumbani kwake, chini ya taa yake, umwombe ayasome majina kwa sauti bila miwani akiwa na miwani hiyo karibu. Akisita kwenye jina lolote, andika ni lipi na ni herufi gani, kisha unitumie picha yake.